Mashua Inayokaa Mwaloni: Uiuze, Uikodishe au Uirudishe Majini?

Pita mialo ya Uganda, zile bandari ndogo za wavuvi kama Butiaba, Katosi, Majanji au Ntoroko, utaziona: mashua zilizopinduliwa chini ya mti, rangi imebanduka, kuku wametaga mayai chini yake. Mwenyewe yuko Kampala au Hoima mjini, ana kazi nyingine, na kila Krismasi anaahidi kwamba mwakani ataishusha majini. Kama wewe ni mmoja wao, huenda umeshaanza kuulizia bei. Hilo swali limekuja mapema mno.

Mashua ya uvuvi ni mali nne zilizofungwa pamoja: bodi, injini, nyavu na namba, yaani usajili na kibali cha kuvulia. Kila moja inazeeka kwa mwendo wake na ina mnunuzi wake. Bodi ikikaa inakufa haraka. Injini ikitunzwa inaweza kukaa miaka bila kupoteza bei sana. Nyavu huenda hata hairuhusiwi kuzitumia. Namba pengine huwezi kuiuza kabisa. Wengi wanaopata hasara huuza vyote vinne kwa bei moja ya jumla, siku ambayo ada ya shule imewabana. Kwa hiyo tutavifungua kimoja kimoja, kisha ndipo tuzungumze bei.

Hatua ya 1: Jua kwa nini mashua imelala

Chukua karatasi uandike mashua iliingia majini mara ngapi mwaka uliopita. Usiandike unavyokumbuka. Muulize mlinzi, muulize baria, yaani mvuvi wa kuajiriwa aliyekuwa akiiendesha, tafuta risiti za mafuta. Mwenye mashua hukumbuka safari nzuri na kusahau miezi mitatu iliyopita kavu.

Kisha andika sababu, kwa sababu kila sababu ina dawa yake. Kama imelala kwa kukosa mtu wa kuaminika wa kuiendesha, tatizo ni la watu, na mashua haina kosa. Kama injini imekufa, unalinganisha bei ya fundi na bei ya kuuza. Kama samaki hawalipi mafuta, mashua mpya kabisa nayo ingelala vilevile, basi usidanganyike kwamba ukitengeneza hiki au kile mambo yatabadilika.

Halafu kuna sababu ya sheria. Tangu jeshi lilipoanza doria za uvuvi mwaka 2017, chini ya kikosi cha kulinda uvuvi kinachojulikana kama FPU, mashua nyingi fupi zimevunjwa au kuchomwa moto kwenye mialo. Ziwa Victoria linataka mashua ya uvuvi isiyopungua futi 28. Chukua futi ya fundi, pima yako mwenyewe kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma. Usitegemee neno la aliyekuuzia. Kwa Albert, Kyoga na maziwa madogo, nenda kwa ofisa uvuvi wa wilaya akupe kipimo cha ziwa lako, tena akuandikie. Ikiwa mashua haifikii kipimo, swali la kuirudisha kuvua limeshajibiwa. Na ukimuuzia mvuvi asiyejua, umemuuzia kesi.

Sababu ya mwisho watu huona aibu kuitaja: mwenyewe amechoka. Hiyo ni sababu halali kama nyingine. Iandike.

Hatua ya 2: Kagua bodi kwa kisu, si kwa macho

Mbao zinasema ukweli ukizichoma. Chukua kisu chembamba au msumari mrefu, anza chini kwenye mkuku, kisha nyuma pale injini inapofungwa, kisha mstari ule ambapo maji na hewa hukutana. Kisu kikiingia kwa urahisi kama kwenye muhogo uliochemka, hapo pameoza. Sehemu ndogo fundi anaweza kukata ubao na kutia mwingine. Mkuku ukioza, au ubao wa nyuma ukilegea, gharama inakaribia kuunda mashua mpya.

Uliza mbao ni za mti gani, maana bei inaanzia hapo. Mvule huvumilia maji kwa miaka mingi. Musizi ni mwepesi, unakatika vizuri na ni rahisi kupata, lakini haustahimili kuloa na kukauka, kuloa na kukauka. Mashua nyingi zimechanganya: mkuku wa mti mgumu, mbavuni mbao laini. Fundi aliyeiunda akiwa hai, mpigie simu umuulize. Jibu lake mnunuzi ataliamini kuliko lako.

Usiogope mianya midogo kati ya mbao. Mashua iliyokaa juani hukauka na kufunguka, na ikirudi majini siku kadhaa mbao huvimba na kujifunga. Kwa hiyo kabla ya kuikata bei, itie maji: ishushe kwenye kina kifupi, ifunge vizuri, iache iloe, kisha uangalie maji yanaingilia wapi. Yanayoendelea kuingia baada ya mbao kuvimba ndiyo ya kuhangaikia. Angalia pia misumari na vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya maungio. Kutu nyekundu inayochuruzika chini ya kila msumari ina maana misumari imekwisha, na pamba iliyozibia maungio pengine imekwisha nayo.

Ukishajua haya, mwite fundi wa mashua akupe makadirio ya matengenezo. Mwite wa mwalo mwingine, asiye na shemeji anayetaka kuinunua.

Hatua ya 3: Injini ihesabiwe peke yake

Kwenye mialo mingi injini ndiyo pesa. Yamaha Enduro ya farasi 40 iliyo nzima inaweza kuwa na thamani kuliko bodi inayoibeba, na mnunuzi wake anaweza kutoka mbali, kwa sababu injini inapakiwa kwenye gari na mashua haipakiki hivyo hivyo.

Kama imekaa miezi, usiivute kamba tu. Kwanza mwaga mafuta ya zamani. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa sana huacha utando kwenye kabureta, na injini inaweza kuwaka kisha izime, au igome kabisa. Safisha kabureta, weka plagi mpya, changanya mafuta mapya kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Fungua skrubu ya oili ya giaboksi chini uone rangi: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili. Sili si ghali, lakini giaboksi iliyoliwa na maji ni ghali sana.

Kisha iwashe ikiwa ndani ya maji, hata kama ni pipa. Kikavu, mpira wa pampu ya maji unaungua kwa muda mfupi tu. Angalia maji yanayorushwa pembeni: yatoke kwa nguvu na bila kukatika. Yasipotoka, impela, yaani ule mpira wa pampu, imekauka au njia imeziba kwa matope. Kama fundi ana geji ya kubana hewa, apime kila silinda. Zikitofautiana sana, kuna ringi au bastola iliyochoka, na mnunuzi anayejua atagundua hata ukinyamaza.

Mwisho nakili namba ya injini. Kwenye Yamaha hukaa kwenye kibati kidogo kwenye mkono wa kufungia mashua, kwa kawaida upande wa kushoto. Ilinganishe na risiti. Wizi wa injini ni balaa kwenye maziwa yetu, na injini isiyo na risiti, au yenye kibati kilichokwanguliwa, inaogopwa hata kama ni yako halali. Kama ulinunua mkononi bila karatasi, mtafute aliyekuuzia sasa, wakati bado hamjagombana, akuandikie hati mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Hatua ya 4: Nyavu na namba

Nyavu nitazipita haraka. Pima macho ya wavu. Kwa Ziwa Victoria, nyavu za ngege (sato) zisiwe chini ya inchi 5 na za mputa (sangara) zisiwe chini ya inchi 7. Za uzi mmoja wa plastiki hazitakiwi kabisa. Zilizo halali na nzima uza kando au gawia baria wako; zisizo halali ziharibu. Hata bure usimpe mtu, kwa sababu zikikamatwa ataulizwa alizipata wapi.

Namba inahitaji akili zaidi. Kibali cha uvuvi hutolewa kwa mtu na kwa chombo, na hulipiwa upya kila mwaka. Kumpa mnunuzi mashua hakumpi haki ya kuvua. Anapaswa kuomba kibali chake. Ubaya unaokurudia wewe ni huu: mashua ikiendelea kusafiri na namba iliyosajiliwa kwa jina lako, ikikamatwa na samaki wachanga usiku mmoja, jina linalosomwa kwanza ni lako.

Maziwa Edward na George yana hesabu yake. Huko idadi ya mashua kwa kila mwalo, Katwe, Kazinga, Rwenshama na mingine, imewekewa kikomo kwa miaka mingi, kwa kuwa mialo hiyo imo ndani na kandokando ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Mashua ya kule inaweza kuwa mbao zilizooza na bado nafasi yake ikawa mali kubwa. Kabla ya kufanya lolote, kaa na ofisa uvuvi akueleze: ukiuza bodi unabaki na nafasi? Ukikaa mwaka mzima bila kuvua, unanyang'anywa? Mwenye mashua Katwe asifanye uamuzi kwa mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Katosi, hata huu.

Hatua ya 5: Hesabu ya mwaka mmoja

Sasa kalamu. Tuseme mashua na injini pamoja vina thamani ya shilingi milioni 12. Mlinzi unamlipa 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Kukalafati, bati na rangi 700,000. Injini kufanyiwa sevisi 300,000. Na kushuka kwa thamani, tuweke 1,500,000. Jumla 3,100,000, kabla ya kibali na jaketi za kuokolea. Weka namba zako. Hizi ni za kuonyesha njia tu.

Gawa kwa safari ulizoandika hatua ya kwanza. Kama zilikuwa 10, kila safari ilikugharimu 310,000 kabla hujanunua tone la petroli. Kama unaweza kukodi mashua ya jirani kwa laki moja siku unayotaka kwenda kuvua, unalipa mara tatu kwa kuitwa mwenye mashua. Wapo wanaolipa kwa furaha, na siwalaumu. Mzee aliyevua maisha yake yote anaweza kuhitaji kuiona ile mashua pale nje. Ila hiyo iitwe starehe, isiandikwe kwenye daftari kama biashara.

Kama mashua inaendeshwa na wengine na inaleta pesa, pima upande wa pili: fungu lako la mwaka mzima, toa gharama zile. Linganisha kilichobaki na kile ambacho thamani ya mashua ingeleta ukiiweka mahali pengine, iwe SACCO, ng'ombe au duka. Watu huisahau hesabu hii kwa sababu pesa ya samaki huja kidogo kidogo, na kila mara inaonekana kama zawadi.

Hatua ya 6: Njia zilizo katikati

Kuna wanaodhani ni kuuza au kubaki nayo basi. Njia ni zaidi ya hizo.

Unaweza kuikodisha kwa fungu. Desturi ya mialo mingi ni kutoa kwanza mafuta na chakula, kisha kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye chombo na baria, kwa kiwango mlichopatana. Inafanya kazi ukiwa na mtu mwaloni anayeona samaki wakipimwa kwenye mizani. Bila mtu huyo utasikia tu, "Bosi, jana ziwa lilikuwa baya," na kila jana itakuwa mbaya. Kama uko mbali, afadhali kodi ya kudumu ya wiki au mwezi, hata ikiwa ndogo. Andikeni nani anatengeneza nini. Kama anayeiendesha ni mdogo wako au shemeji, andikeni zaidi, kwa sababu mgeni unaweza kumfukuza.

Unaweza kuuza injini ukabaki na bodi, au kinyume chake. Bodi nzima iliyo fupi isiyofaa kuvulia inaweza kutakiwa na wafugaji wa samaki wa vizimba, wanaohitaji chombo cha kupeleka chakula na kukagua nyavu karibu na ufuko. Waulize kwanza, na muulize ofisa uvuvi kama matumizi hayo yanaruhusiwa kwa chombo chako.

Njia ninayoikataza ni kuigeuza mashua ya uvuvi kuwa ya abiria kimyakimya, ati siku za soko tu, au Krismasi tu. Usafiri wa abiria majini una sheria yake, Sheria ya mwaka 2021, na ukaguzi wake. Novemba 2018 chombo cha starehe MV Templar kilizama karibu na Mutima, Mukono. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi na hakikuwa na leseni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Chombo kilichokaa bila kazi, kikaharakishwa majini kwa ajili ya wikendi moja, ndicho cha kuogopa kuliko vyote.

Hatua ya 7: Ukiamua kuuza

Kama mashua ni ya marehemu baba, simama hapa kwanza. Wakutanishe ndugu, upate barua za usimamizi wa mirathi, na mama akiwepo asikie kutoka kinywani mwako, si kwa jirani. Mashua ya urithi iliyouzwa na mtoto mmoja huzaa kesi inayodumu kuliko mbao zenyewe.

Wakati una bei yake. Wanaovua dagaa kwa taa, wa mukene Victoria na wa muziri na ragoge Ziwa Albert, hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Mnunuzi wao hutafuta chombo siku za mbalamwezi, ili giza likirudi awe tayari. Peleka tangazo lako wakati huo. Epuka wiki za kufungua shule, Februari hasa. Kila mzazi mwaloni anauza kitu, na madalali wanajua.

Taja bei tatu zilizotenganishwa: bodi peke yake, injini peke yake, na vyote. Mnunuzi akitaka punguzo, utajua linatoka wapi. Waachie watu waijaribu majini, lakini mtu wako awemo na mafuta yatoke kwao. Matengenezo makubwa kabla ya kuuza sishauri; mnunuzi mvuvi ana fundi wake na hataamini rangi mpya. Kuiosha, kuiloweka na kuhakikisha injini inawaka kwa mvuto wa pili au wa tatu kunatosha.

Dalali anayejua watu ni msaada. Patana naye kamisheni kabla hajaleta mtu, na mnunuzi aijue bei yako kutoka kwako.

Mkataba uandikwe kwa lugha ambayo nyote wawili mnaielewa. Pale Panyimur au Ntoroko, ambako mnunuzi anaweza kuwa ametoka Kongo, mara nyingi hiyo ni Kiswahili. Weka majina kamili, namba za vitambulisho vya taifa, urefu wa mashua, namba yake ya usajili, aina na namba ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu: kilichotokea majini saa mbili usiku kisiwe cha mtu aliyekabidhi saa kumi jioni. Mashahidi wa pande zote watie sahihi, na mwenyekiti wa LC1 agonge muhuri. Kama chombo kinavuka mpaka, mnunuzi apitie forodha. Mkataba wako useme wazi kwamba jukumu hilo ni lake.

Pesa zipite benki kama ni nyingi. Mobile money ni rahisi, lakini kuna viwango vya mwisho vya kutuma, na kutoa kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao; semeni mapema nani anabeba hiyo. Noti mkononi, ufukweni, jioni, mbele ya watu wote wanaojua umeuza? Hapana. Na malipo ya mafungu nusu nusu yasiruhusu mashua kuondoka. Injini ibaki kwako hadi fungu la mwisho.

Siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya na nakala ya mkataba. Uwaombe waandike kwamba chombo kimebadilisha mikono, uwaulize namba yako ifanyweje, kisha wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Kama baria wako wa zamani anadai fungu la safari ya mwisho, mlipe hapo hapo akutilie sahihi. Nakala hiyo piga picha ujitumie kwenye simu, na ya karatasi weka nyumbani mahali pa juu: mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na Ntoroko, kwenye Ziwa Albert, watu walihama nyumba zao.